Nakala Ipi Ndiyo Yenyewe?

Tangu Julai 2025, watu wanaofanya kazi na sheria nchini Tanzania wana swali la kuulizana kabla ya swali lenyewe: unasoma toleo lipi? Aprili mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Toleo la Urekebu la Mwaka 2023, lililokusanya sheria za nchi pamoja na marekebisho yake na kuchukua nafasi ya lile la mwaka 2002 kuanzia Julai. Katikati hapo sheria zilikuwa zikirekebishwa kila mwaka. Baadhi zilitolewa upya mojamoja mwaka 2019 na 2022, na ofisi nyingi za wilayani zikabaki na vitabu vya zamani vyenye vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwa gundi pembeni mwa vifungu.

Juzi mtendaji mmoja wa kata alinipigia simu. "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Kuna notisi nilimpelekea mtu wa kibanda, sasa wakili wake ameniandikia kwamba kifungu nilichokitaja kinahusu mambo mengine kabisa." Nilimuuliza notisi yenyewe aliiandikaje. Alichukua ya mwaka juzi, akabadilisha jina na tarehe. Na ile ya mwaka juzi? Aliikuta kwenye kompyuta. Kifungu chake kipo, ila kwenye toleo jipya kimehama namba. Nilimweleza pa kulipata toleo hilo, akashukuru, akakata simu.

Kazi yangu kwa sehemu kubwa ya utumishi ilikuwa hiyo hiyo: masjala kwanza, halafu uandishi wa vikao vya halmashauri. Watu hudhani ni kazi ya kutunza karatasi. Karatasi hazina shida, ukiziepusha na mchwa na mvua zinakaa. Shida ni kujua, kati ya karatasi tano zinazofanana, ipi ndiyo yenye mamlaka, na zile nne ziliachwa lini, na nani, kwa sababu gani.

Niliingia masjala miaka ya tisini, katika halmashauri moja ya mikoa ya kusini. Chuo cha Utumishi wa Umma kilikuwa hakijaanzishwa, kwa hiyo ulifundishwa na uliyemkuta. Mimi nilimkuta mzee mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni, ya bluu ya kuandikia na nyekundu ya folio. Barua ikiingia ilipigwa muhuri wa kupokelewa, ikaandikwa kwenye rejista, ikatafutiwa jalada lake, ikatobolewa na kufungwa. Kisha juu, pembe ya kulia, mzee aliipa namba kwa wino mwekundu. Namba hiyo ikishaandikwa haifutwi. Jalada likiwa na folio 1 hadi 46 nawe ukakuta 31 haipo, huhitaji mpelelezi akwambie kuna mtu amenyofoa.

Barua zilizotoka zilikuwa na utaratibu wake. Afisa aliandika rasimu kwa mkono, akaiweka ndani ya jalada na dokezo juu yake, jalada likapanda kwa bosi. Bosi alikata maneno, akaongeza mengine, akarudisha. Mchapaji akachapa kwa kaboni. Nakala halisi ikaenda, nakala ya jalada ikabaki, na nyuma yake ikabaki ile rasimu iliyochafuka. Watumishi wapya wote tulitamani kuzitupa rasimu hizo. Zilinenepesha majalada bure, zilikuwa na alama za vikombe vya chai, na barua yenyewe si ipo? Mzee hakukubali. "Mwanangu," aliniambia, "barua inaonyesha tulichosema. Nani alitufanya tuseme hivyo, utamwona kwenye rasimu." Aliwafundisha hata maofisa waliomzidi cheo kwamba neno likatwe kwa mstari mmoja tu, mwembamba, lile la chini liendelee kusomeka. Aliyekuwa na tabia ya kukwangua kwa wembe, au kupaka ile rangi nyeupe ya kufutia, alirudishiwa karatasi yake.

Nilielewa maana ya utaratibu huo siku mwalimu mmoja alipokata rufaa. Kamati ilikuwa imejadili shauri lake la nidhamu, lakini barua iliyomfikia ilisema ameshushwa cheo. Yeye alishikilia kuwa mjumbe mmoja alimwambia walikubaliana apewe karipio. Mjumbe huyo hakutaka kutajwa. Mkurugenzi aliyesaini alikwisha hamishwa, na aliyepokea ofisi alisema, kwa haki kabisa, kwamba yeye anaona barua iliyosainiwa na hana zaidi. Akaja mkaguzi kutoka mkoani, akaomba jalada, nikampelekea.

Alilifungua kutoka nyuma kwenda mbele, kama wafanyavyo wanaojua kazi. Alipofika kwenye rasimu alisimama. Neno karipio lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake, kwa kalamu ya wino, mwandiko ambao kila mtu ofisini aliujua ulisema kushushwa cheo. Hapakuwa na saini ya marekebisho wala tarehe. Mkaguzi aliigeuza karatasi, akapitisha kidole mgongoni mwake mahali kalamu ilipokandamiza, akarudi mbele, akaandika kwenye daftari lake namba ya folio na kitu kingine ambacho sikukiona. Mwalimu alirudishiwa cheo, ingawa ilichukua muda mrefu na mapunjo yake yalichukua muda mrefu zaidi. Kama rasimu ile ingetupwa, ingebaki barua moja safi, yenye muhuri na saini halali, inayosema uongo.

Tangu hapo nilianza kuiona kazi yetu kwa namna nyingine. Nakala ya mwisho ni ya kutekelezwa, na kila mtumishi anajua namna ya kuitunza. Zile zilizotangulia ndizo hubeba uamuzi wenyewe, maana uamuzi hufanyika mahali neno moja linapotoka na lingine kuingia. Ofisi inayotunza nakala za mwisho peke yake inajua inachopaswa kufanya, lakini ikiulizwa nani aliamua haina jibu.

Sitaki kuisifia masjala ya zamani kuliko ilivyostahili. Kila aliyewahi kufuatilia kiwanja enzi zile anajua sentensi ya "jalada halionekani", na anajua kwamba lilionekana ukitoa ya soda. Ubaya wake haukuwa rushwa peke yake. Jalada lisipoonekana, utaratibu uliruhusu kufungua jalada la muda ili kazi isisimame. Likafunguliwa, likapokea barua, likaanza folio zake kuanzia moja. Lile la zamani nalo, huko lilikojificha kwenye droo ya mtu, liliendelea kupokea maelekezo. Siku yanapokutana, jambo moja lina historia mbili, kila moja imekamilika, ina saini na mihuri yake. Majalada ya namna hiyo yalipaswa kuunganishwa mara moja na la muda kufungwa. Hayakuunganishwa. Nimeona kiwanja kimoja chenye barua mbili za toleo kwa watu wawili, wote wamelipa, wote wana stakabadhi, na hakuna hata mmoja aliyeghushi chochote. Kila afisa alisoma jalada lililokuwa mezani kwake na kuamua sawasawa.

Kisha kompyuta zikaja, na tukashangilia. Mchapaji hakulazimika tena kurudia ukurasa mzima kwa kosa moja, wala mikono haikuchafuka kwa kaboni. Hatukuona mara moja kilichoondoka. Kwenye karatasi, kufanya nakala kulikuwa na gharama ya kaboni, muda, na ruhusa ya kutumia mashine ya kudurufu. Gharama hiyo ndiyo iliyofanya nakala ziwe chache na zijulikane zilipo. Kompyuta iliiondoa. Halafu ukirekebisha, yale ya zamani hayakatwi kwa mstari, yanatoweka kabisa.

Walioijua vizuri hali hiyo ni watu wa bajeti. Ukomo wa bajeti ulikuwa unatoka, idara zinajaza, tunakaa, tunakata, tunafunga. Kisha unatoka ukomo mwingine. Mfumo wa PlanRep wakati huo ulikaa kwenye kompyuta moja moja, na bajeti ilisafiri kwenda mkoani na Dodoma ikiwa ndani ya fleshi mfukoni mwa afisa mipango. Wenzetu walilala nyumba za wageni na kompyuta mbili mezani, idara ya elimu ikirekebishwa kwenye moja, afya kwenye nyingine, wakitegemea kuunganisha asubuhi. Majina ya mafaili yalisimulia usiku ulivyokwenda: bajeti mwisho, bajeti mwisho kabisa, bajeti mwisho sahihi, bajeti mwisho tumia hii. Kuna mwaka fedha ya matundu ya vyoo vya shule ilionekana kwenye kitabu kilichopitishwa na madiwani lakini haikuonekana kwenye kile kilichofika juu. Hakuna aliyeiba. Kasma ile ilikuwa kwenye kompyuta ya pili. PlanRep ilipohamia mtandaoni mwaka 2017, ugonjwa huo wa fleshi ulipungua sana kwa upande wa tarakimu, maana wote mnatazama ukurasa mmoja. Maelezo ya bajeti na randama yaliendelea kuandikwa pembeni, na huko mambo yalibaki vile vile.

Nilipohamishiwa vikao, nilikutana na jambo hilo likiwa na watu ndani yake. Makabrasha ya Baraza la Madiwani hugawiwa mapema ili waheshimiwa wasome. Safari moja yaligawiwa kama kawaida, na asubuhi ya kikao yakaja mengine, jalada la rangi ile ile, yakawekwa mezani mbele ya kila kiti. Hakuna aliyesema kitu. Tulifika kwenye taarifa ya maji, diwani mmoja akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mwongozo wako. Kabrasha nililopelekewa nyumbani linasema kisima kinachimbwa kwenye kata yangu. Hili la mezani linasema kinachimbwa kwa jirani yangu. Nisome lipi?"

Mkurugenzi akajibu kwamba la mezani ndilo sahihi, ni lile lile ila limeboreshwa.

"Limeboreshwa na nani?"

Ukumbi ulichafuka. Mwenyekiti, akitafuta utulivu, akaagiza makabrasha ya kwanza yakusanywe yote. Wahudumu wakapita safu kwa safu. Mheshimiwa mmoja wa viti maalumu, mama mtu mzima aliyeanza udiwani kabla wengi wetu hatujaajiriwa, alilikalia la kwake. Aliliweka kwenye kiti, akatandaza kitenge, akakaa. Mhudumu akamwambia, "Mama, naomba kabrasha." Akajibu, "Baba, mimi nimeletewa na Serikali. Serikali ikitaka kuninyang'anya iniandikie." Ajenda iliahirishwa.

Chenyewe kisima kilikuwa na maelezo mazuri. Wataalamu wa maji walipima tena, wakakuta maji ya mahali pa kwanza ni ya chumvi, wakashauri kisogezwe. Badiliko lilikuwa halali na la busara, na lingepita kwa dakika chache kama lingesemwa. Kilichowaudhi madiwani ni kupewa maneno mapya yaliyovaa nguo za yale ya zamani, na mbaya zaidi ni ile amri ya kukusanya ushahidi kwamba ya zamani yalikuwepo. Kwa vikao vingi vilivyofuata, kila tulichowagawia kilisomwa ukurasa kwa ukurasa kutafuta kilichofichwa. Kilichotuokoa ni bango kitita: kabrasha likibadilika, linaambatana na karatasi yenye safu za ukurasa, maneno ya awali, maneno mapya, sababu, na aliyeidhinisha. Wakuu wa idara waliilalamikia safu ya mwisho. Ukimtaka mtu aandike jina lake mbele ya badiliko, nusu ya mabadiliko yanakufa yenyewe, na mara nyingi ni nusu iliyostahili kufa.

Miaka hiyo hiyo nchi nzima ilipewa somo hili kwa kipimo kikubwa. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilitoa rasimu ya kwanza Juni 2013, ikajadiliwa kwenye mabaraza, ikaja ya pili iliyokabidhiwa Desemba 30, 2013. Bunge Maalum likakaa, na Oktoba 2, 2014 likapitisha Katiba Inayopendekezwa. Vitabu vitatu ndani ya miaka miwili, na mitaani vyote viliitwa rasimu. Niliwahi kuwasikiliza walimu wawili wakibishana kwenye foleni ya benki. Mmoja alisema rasimu inataka serikali tatu, mwingine akaapa kwamba inataka mbili, na kila mmoja alikuwa na kitabu mkononi na alikuwa akisoma kilichoandikwa. Wa kwanza alishika kazi ya Tume, wa pili kazi ya Bunge Maalum. Ugomvi wao ulikuwa wa vitabu viwili, lakini waliondoka kila mmoja akiamini mwenzake ni mwongo. Bango kitita la kuonyesha raia wa kawaida kilichotoka na kilichoingia kati ya rasimu ya pili na Katiba Inayopendekezwa lilihitajika kuliko vipeperushi vyote vilivyotupitia.

Jirani zetu Wakenya walikwisha ona mabaya zaidi. Mei 2010, miezi michache kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, iligundulika kwamba katika nakala zilizokuwa zikichapwa za katiba iliyopendekezwa, maneno mawili yanayomaanisha usalama wa taifa yalikuwa yamepenyezwa katika ibara inayoeleza haki za msingi zinaweza kuwekewa mipaka gani. Kwa maneno hayo mawili, Serikali ingepata mlango wa kuzuia haki kwa kutaja usalama. Hayakuwa yamepitishwa na mtu yeyote. Uchapaji ukasimamishwa na polisi wakaitwa. Miaka kumi na moja baadaye, muswada wa kurekebisha katiba uliozaliwa na mpango wa maridhiano ulioitwa BBI ulipelekwa kwenye mabunge ya kaunti, na kamati ya pamoja ya Bunge la Taifa na Seneti ikabaini kwamba kaunti 13 tu kati ya 47 ndizo zilizoujadili ukiwa katika nakala sahihi. Tukio la kwanza lilikuwa na mkono wa mtu ndani yake. La pili linafanana zaidi na uzembe wa kila siku tunaoujua sote. Nililisoma gazetini nikakumbuka kompyuta mbili za nyumba ya wageni.

Lakini kama ningeulizwa ni wapi nilijifunza zaidi, ningetaja kijiji kimoja, miaka ya mwisho ya utumishi wangu, nilipofuatana na mwanasheria na afisa ardhi kwenda kusikiliza mgogoro wa shamba. Mwekezaji alikuwa na muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji unaoridhia apewe ardhi. Wanakijiji walisema mkutano ulikuwepo ila ardhi haikuzungumzwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 iko wazi: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu. Kwa hiyo kila kitu kilining'inia kwenye karatasi hiyo.

Tulikaa chini ya mwembe, meza ya shule mbele yetu. Muhtasari wa mwekezaji ulikuwa umechapwa vizuri, una muhuri wa kijiji, saini za mwenyekiti na mtendaji, na mahudhurio yameambatanishwa. Wanakijiji wakaleta kauntabuku. Jalada lake lilikuwa limeliwa pembeni na panya na kurasa zilinuka moshi wa jiko, maana mwenyekiti alilihifadhi nyumbani kwake. Tarehe ile ile. Ajenda zile zile, kwa mpangilio ule ule. Taarifa ya mapato, mchango wa zahanati, ng'ombe wanaoingia mashambani. Tofauti ilikuwa kwenye Mengineyo. Kwenye kauntabuku, Mengineyo ilikuwa mistari miwili juu ya mlango wa choo cha shule. Kwenye ile iliyochapwa, baada ya mlango wa choo kulikuwa na aya moja ndefu ya ardhi, yenye mipaka na ekari. Mahudhurio ya iliyochapwa yalikuwa fotokopi ya kurasa za kauntabuku hilo hilo, alama za dole gumba zikiwa zimekolea weusi wa mashine.

Mtendaji wa kijiji alikuwa mtulivu. Alisema, "Hii iliyochapwa ndiyo rasmi. Hilo daftari ni la kumbukumbu tu." Mwanasheria wetu alimtazama, akamwomba airudie sentensi hiyo ili aiandike vizuri.

Mwekezaji naye alikuwa na hoja: daftari ambalo mwenyekiti analala nalo nyumbani, nani athibitishe halikuandikwa upya? Kauntabuku halina folio nyekundu, ukurasa unaweza kuchomolewa na wa pili yake ukafuatana nao. Kwa hiyo nakala mbili zilikabiliana na kila moja ilishikwa na mwenye maslahi. Iliyoamua ilikuwa ya tatu. Mtendaji wa kata aliyetangulia alikuwa mtu wa utaratibu. Alidai kila kijiji kimletee fotokopi ya muhtasari baada ya mkutano, akaipiga muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe, akaifungia. Tulikwenda ofisi ya kata, tukalikuta jalada chini ya mifuko ya mbegu. Fotokopi ilikuwepo, ya mwandiko wa mkono, ya wiki ile ile ya mkutano. Mengineyo yake yaliishia kwenye mlango wa choo.

Mtendaji huyo wa kata hakuwahi kujua mgogoro huo utatokea. Alikwisha hama. Hakuwa na kompyuta wala bajeti, alikuwa na muhuri na ukaidi wa kuutumia kila mara. Nakala yake ilikuwa na nguvu kwa sababu hakuna kati ya wagomvi aliyeweza kuifikia.

Kijana mmoja wa TEHAMA aliwahi kunionyesha namna waandika programu wanavyofanya kazi kwa Git, chombo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds ili maelfu ya watu wenye kuandika Linux wasikanyagane. Alifungua orodha ndefu. Kila badiliko lina jina la aliyelifanya, saa, na maneno mafupi ya kueleza sababu. Mstari uliotoka unaonyeshwa kwa rangi nyekundu, ulioingia kwa kijani. Ukijaribu kuchezea badiliko la zamani, alama za yote yaliyofuata zinabadilika na kila mwenye nakala anaona. Nilimwambia hilo ni jalada la mzee wangu. Kijana akacheka, akadhani namtania. Alichokuwa nacho cha ziada ni kwamba nakala kamili ya historia hiyo iko kwenye kompyuta ya kila mmoja wao, kwa hiyo mtendaji wa kata wao ni wengi. Tulitofautiana mahali pamoja. Yeye alisema Serikali ikiweka chombo kama hicho tatizo limekwisha. Nikamuuliza kwenye Linux nani anasema badiliko hili limeingia na hili halijaingia. Akasema kuna watu maalumu, na mwisho ni Torvalds mwenyewe. Basi, nikamwambia, niletee kwanza huyo mtu kwenye halmashauri, awe anajulikana kwa cheo na akubali kuandika jina lake, halafu chombo kitafuata.

Chombo kimekwisha fuata, kwa kiasi. Taasisi nyingi za umma sasa zinatumia mfumo wa e-Office, na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 imeweka msingi wake. Barua inaingia mtandaoni, inapewa namba, inapanda na kushuka, na unaona iko kwa nani tangu saa ngapi. "Jalada halionekani" imekosa pa kujificha. Nimefurahi kuishi hadi kuiona siku hiyo. Lakini nimeona pia jinsi watu wanavyofanya kazi pembeni ya mfumo. Afisa anaandika rasimu, bosi anasema, "Nitumie kwanza kwa WhatsApp niione." Anairekebisha kwa ujumbe wa sauti akiwa njiani. Afisa anasikiliza, anabadilisha, anatuma tena, mara nne au tano. Ikishakuwa safi ndipo inaingizwa kwenye mfumo, ambako inaonekana kana kwamba iliandikwa mara moja na mtu mmoja asiye na shaka yoyote. Neno karipio, kama lilikuwepo, limebaki kwenye simu ya mtu, na simu hubadilishwa.

Hivi karibuni nilialikwa kuzungumza na watunza kumbukumbu wapya wa halmashauri moja kwenye mafunzo ya mfumo huo. Mwezeshaji alifika kwenye kipengele cha kupunguza mzigo wa mafaili, akashauri kwamba barua ikishasainiwa rasimu zake zifutwe, maana zinajaza nafasi na kuchanganya watu. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Samahani, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 si inakataza kuteketeza kumbukumbu ya umma bila idhini? Rasimu yenye maelekezo ya Mkurugenzi si kumbukumbu?" Mwezeshaji akasema rasimu ni rasimu. Binti akauliza, kama ina maelekezo ya kubadilisha adhabu ya mtumishi, je? Mwezeshaji alinigeukia mimi, akidhani nitamsaidia. Nikamwambia nakubaliana na binti, na kwamba ningependa kuliona jibu likiwa kwenye maandishi, lenye saini. Aliahidi kulifikisha kwa wakubwa wake, akaliandika kwenye daftari lake, kisha tukaendelea na somo la kubadilisha nywila.